Doa Katikati ya Ukurasa

6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako mzima, kelele zake zimeongezeka kidogo, lakini kwa masikio yangu haya hunifikia zikiwa zimeshachoka. Wewe na kazi mnaendeleaje?

Kibao cha kusomea vitabu kimefika salama. Asante sana, binti yangu. Vitabu vyote vile ndani ya kitu chembamba kuliko ndara! Enzi zangu za uchapaji tungehitaji lori.

Sasa malalamiko. Kwanza, hakizimiki. Nikibonyeza inakuja picha ya kalamu na kukaa hapo kutwa. Nimekifunika taulo kisimalize chaji. Pili, kurasa zinaruka. Nafunua mmoja, zinakwenda nne, na mwizi ameshakamatwa kabla sijajua kaiba nini. Tatu, kuna doa la kijivu katikati ya ukurasa, kubwa kama kifungo cha shati. Maneno yaliyo chini yake hayasomeki.

Nielekeze basi, wewe ndiye fundi. Unajua tangu mashine za kiwandani zinimalize masikio, redio si yangu, simu si yangu, na wageni wakiongea mimi natabasamu tu. Kusoma ndiyo mazungumzo niliyobakiwa nayo.

Baba yako


19 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi zipo, baridi ndiyo inanisumbua. Nimefurahi kusikia hamjambo.

Kiondolee taulo, unakionea bure. Kimelala tu. Ile picha haili chaji, kwa sababu wino wake ukishakaa umekaa, hata umeme ukikatika.

Kuhusu kurasa, nakuuliza kwa heshima zote: unalamba kidole kabla ya kufunua? Nakujua, Baba. Kioo kikipata maji kinachanganyikiwa. Gusa upande wa kulia kwa kidole kikavu, mara moja, halafu subiri.

Na hilo doa huenda ni hayohayo mate, yamekauka. Futa kwa kitambaa laini. Likikataa, basi ni kivuli cha ukurasa uliopita, vibao hivi vina tabia hiyo. Shikilia kitufe cha chini mpaka kioo kiwe cheusi, kisha kiache kiwake chenyewe.

Mwanao


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na baridi, vaa soksi. Sisi wazima.

Suala la kulamba kidole nililikana mbele ya mama yako. Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kurasa zimetulia.

Doa bado lipo. Nimefuta kwa kitambaa cha miwani. Nimekizima nikakiwasha mpaka mama yako akaniuliza kama nakifundisha adabu. Nimekuza herufi hadi ukurasa mzima unabeba maneno matano, na doa linakula lile la katikati. Jana limekula jina la muuaji. Najua nani kafa, sijui nani kaua.

Umeuziwa kitu kibovu, mwanangu. Kawabane.

Baba yako


16 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote. Nimewabana. Dukani hawakubisha, wanabadilisha, na kipya kiko njiani. Atakayekileta mkabidhi kile cha zamani. Vitabu vyako vyote utavikuta ndani, pamoja na muuaji wako.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani kwema. Mama yako anadai namwaga chai nje ya kikombe. Nimemwambia mguu wa meza umelegea, hakuamini.

Kibao kipya kimefika. Doa ni lilelile, palepale. Hao wametengeneza shehena nzima mbovu. Waambie wasimamishe mtambo, wasiendelee kuwatesa watu.

Baba yako


11 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma, kisha nikazitoa na zile za nyuma nikazisoma upya.

Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinichukua kiwandani. Karatasi ikitoka na doa ulipaza sauti kuliko mashine: "Karatasi au bamba?" Mtu wako alichomoa karatasi nyingine. Likiwa halipo, kosa ni la karatasi, mnaitupa na kazi inaendelea. Likirudi palepale kwenye kila karatasi, kosa ni la bamba linalochapa.

Sasa nakuomba, Baba. Kiweke kibao chini. Tazama kalenda ya ukutani. Tazama uso wa mama. Ziba jicho moja, halafu lingine. Kisha nijibu: karatasi au bamba?

Mwanao


5 Mei

Baba, shikamoo.

Hujanijibu. Mama ameniandikia kwenye simu kwamba mko wazima na kwamba kibao umekirudisha kwenye boksi lake. Amedhani umekichoka. Mimi sijamwambia kitu, lakini usiponijibu nitamwambia.

Mwanao


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili ninazo.

Bamba ni mimi.

Nilijua siku ileile ilipofika barua yako ya karatasi au bamba. Nilipoziba jicho la kushoto, mama yako akawa hana pua wala macho, amebaki hereni na kilemba. Akaniuliza namshangaa nini. Nikamwambia amependeza. Nilipoziba la kulia, uso ukarudi, doa likawa dogo, ila mistari ya kalenda inapinda.

Naogopa, mama. Si maumivu. Daktari akiwa hajasema kitu, bado nina kibao kibovu tu, na kibao hubadilishwa. Akishasema ni macho, mimi ni mtu wa kuketishwa kitini, sisikii, sioni, naguswa bega chakula kikiwa tayari. Niache kidogo.

Baba yako


30 Mei

Baba, shikamoo.

Siwezi kukuacha. Ulipojua kosa ni la bamba hukuwahi kusema tuliangalie wiki ijayo. Ulisimamisha mashine papo hapo, bosi akinuna au asinune, kwa sababu kila karatasi iliyopita ilikuwa hasara.

Jicho la kushoto bado linasoma. Barua hii umeisoma kwa hilo. Nalihofia hilo, Baba, usiku na mchana.

Nimeshamwambia mama. Nikasirikie utakavyo, lakini nenda.

Mwanao


24 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hatujambo. Nilikukasirikia kama ulivyoagiza, mpaka mama yako alipoleta viatu vyangu mlangoni na kukaa kimya. Kimya cha mama yako hata mimi nakisikia. Nikavaa.

Daktari ni binti wa umri wako. Alinitazama ndani ya macho kwa mashine yake, kisha akaanza kunieleza. Sikusikia. Akainama sikioni akapiga kelele. Watu wote wa korido wakaujua ugonjwa wangu isipokuwa mimi mwenyewe. Mwisho akavuta karatasi na kalamu nene, akaandika.

Jicho la kulia katikati pameshaharibika, hapatarudi. La kushoto ndiyo kwanza limeanza. Linataka sindano, tena ndani ya jicho lenyewe, mwezi huu na mingine inayofuata. Ya kwanza nimeshachomwa. Nilimkamata mama yako mkono mpaka akalalamika yeye badala yangu.

Chini kabisa ya karatasi aliandika neno moja, akalipigia mstari. Nilipolitazama sikuliona, doa lilikuwa limelikalia. Nikageuza kichwa kidogo, nikalitazama kwa pembeni, likatokea herufi moja baada ya nyingine: TUMEWAHI.

Mama yako alikuwa kwenye benchi, akinikodolea macho, amesahau hata kufunga mkoba. Nikamsomea kwa sauti. Sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, ila niliona korido nzima imegeuka.

Baba yako