Breki ya Mbele ya Jitesh

Jumapili, baada ya Pugu

Jitesh bado anabana breki ya nyuma tu. Tairi linaburuzika na kuchimba mfereji kwenye kinjia cha mlimani. Masika yakija maji yatapita humo humo. Kina mama wa pale wameshatuonya: njia yao ikiharibika, tusirudi na baiskeli zetu.

Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiwafundisha Jitesh na wenzake wa kikundi chetu cha baiskeli. Leo nimefundisha mimi.

"Bana na ya mbele, kidogo kidogo, kabla ya kona."

"Shemeji, itanirusha. Meno haya ndiyo yanaleta wateja dukani Kariakoo."

Nikatazama baiskeli yake. Waya wa breki ya mbele haupo. Fundi wake wa Ilala aliutoa kwa kumhurumia, asije akapinduka, kama wanavyofanya wengi.

Nikampa baiskeli ya mume wangu. Hakuna aliyeipanda tangu msiba. Mkono wa breki ya mbele bado una utepe alioufunga, kuonyesha pa kuweka kidole kimoja.

Jitesh akashuka taratibu. Nikainama kukagua udongo: alama za tairi tu, hakuna mfereji. Wengine bado hawajajifunza, na mawingu yameanza, lakini nitawahi kuwafundisha kabla ya masika.

Nilidhani nitaumia kuiona baiskeli ile ikishuka na mtu mwingine. Nikamwambia apande tena, ashuke kwa kasi zaidi.