Baba, Jibu la Bomu Nimelipata

Kwako Baba, uliyelala Port Victoria,

Jibu nimelipata! Nimetoka kanisani mbio, kitambaa cha kichwa sijavua, nakuandikia juu ya meza yangu ya kuuzia omena, dagaa wetu, hapa sokoni Kibuye. Najua ungecheka. Miaka kumi na miwili tangu tukuzike, na bado nabishana na wewe.

Unakumbuka sala yako ya chakula? Asante kwa ugali, asante kwa samaki, na asante kwa lile bomu. Lazima bomu! Mlikuwa vitani Burma, mkingoja kusukumwa mbele tena, redio ikasema Japani imepigwa bomu la atomiki na kusalimu amri. Ulipenda kurudia alivyojitetea rais wa Amerika: bomu liliua, ndiyo, lakini vita vingeendelea wangekufa wengi zaidi.

"Na mmoja wa hao wengi ni mimi," ulisema ukijigonga kifua. "Ningebaki kule, wewe kitindamimba ungezaliwa na nani? Na jirani?"

Mama naye: "Mzee, kula. Samaki anapoa, hajui vita."

Sikuwahi kukushinda. Siku moja tu, nikiwa darasa la saba, nilikuuliza, "Na watoto waliokuwa kule chini, Baba?" Ukarudisha tonge kwenye sahani. "Kula, nyara," ukasema, kula binti yangu, halafu ukatoka ukasimama kando ya ziwa, peke yako. Sikuuliza tena.

Sasa sikia. Leo nilipewa kusoma mateso ya Bwana. Nikafika pale kuhani mkuu anapowaambia wenzake ni heri afe mtu mmoja kuliko taifa lote lipotee. Nikaacha kusoma. Baba, ni hesabu ile ile! Wachache wafe, wengi wapone. Kanisa zima linaningoja. Mwenyekiti wetu wa akina mama akaninong'oneza, "Dada, ni miwani?"

"Si miwani, ni Baba!" nikajibu, na kipaza sauti kiko wazi. Jamani, walivyocheka!

Kifo kile cha Bwana kimetuokoa, wewe na mimi. Lakini ni lini tulimshukuru yule kuhani? Hata siku moja! Tunamshukuru Mungu. Basi inawezekana, Baba. Miaka yote niliogopa kwamba nikilikataa bomu nimekukataa wewe uliyerudi, na nimejikataa mimi niliyezaliwa. Kumbe naweza kushukuru kwa ajili yako bila kulishukuru bomu.

Na nadhani hata wewe bomu lile halikukutulia moyoni. Aliyeridhika na jambo halirudii kila mlo. Ulikuwa ukingoja mtu akujibu, nami nilikuwa mtoto.

Leo wanangu wote wanakula kwangu Obunga. Nitasali sala yako: asante kwa ugali, asante kwa samaki, asante Baba alirudi. Nikifika mahali pa bomu nitawaombea watoto wale uliowaachia tonge lako.

Ukiwa na la kunipinga, lishike hapo hapo, tutabishana tukionana kwa Bwana. Acha nikimbie, samaki anapoa.

Ni mimi, kitindamimba wako.