Shoga Yangu Alikoga Akitoka Msibani Kwangu

Shikamoo Bi Zuleha. Ama baada ya salamu, mimi msomaji wako wa Bagamoyo naomba unisomee barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nina jambo limenikwama kama mwiba wa samaki, na humu mtaani sina wa kumwambia asiyecheka.

Jirani yangu ni Baniani, jina lake Kanku, mumewe alikuwa na duka la nguo, na ua wake na wangu umetengwa na ukuta mfupi tu, basi tangu nilipoolewa nikaja nyumba hii tukawa mashoga, si ushoga wa kusalimiana, ushoga wa kweli, akipika dengu ananiletea na mimi sahani yake siirudishi tupu, naitilia ndizi au machungwa, maana nilichopika mimi hali, dini yake haimruhusu, hata chai kwangu hanywi, atakunywa dafu tena alitoboe mwenyewe, nami nikasema haya, kila mtu na dini yake, ingawa Bi Zuleha kwetu sisi mtu usiyekula naye utamwitaje rafiki? Lakini nilimwita. Mama yangu alipougua akawa hawezi kuinuka, Kanku alikuwa akija kila asubuhi kumkanda miguu kwa mafuta, na mama akimtania, "We Kanku, mikono yako mizuri, hasara hujui kula papa," basi wanacheka wote wawili mpaka mama anakohoa.

Mama akafa. Kanku ndiye aliyetangulia kufika, hata ndugu zangu wa Fukayosi hawajapata habari, akakaa mkekani pamoja nasi akalia mpaka sauti ikamkauka, na walipopakua wali wa matanga akainuka akaniaga, nikamwitikia vizuri tu. Haukupita muda wifi yangu Mardhiya akaja kunivuta kanga, "Njoo umwone shoga yako," nikatoka uani nikamwona kwa macho yangu, hajaingia hata ndani mwake, anajimwagia maji ya ndoo kichwani na nguo zake mwilini, sari yote imerowa chapachapa. "Umeona?" Mardhiya akasema. "Kwa huyo mama yako ni uchafu, ndiyo maana anajiosha."

Bi Zuleha, udongo wa kaburi la mama haujakauka! Nikapiga kelele mbele ya watu wote waliokuja msibani, "Kama mama yangu ni najisi, usikanyage tena kwangu!" Akanitazama, maji yanamchuruzika usoni, akaingia ndani. Kesho yake akaleta chakula, nami nikakirudisha kama kilivyokuja.

Tangu hapo hatusemezani. Sasa mumewe naye amekufa, na kaka wa Kanku amekuja kumchukua ampeleke kwao Bara Hindi, wanangoja siku zao za msiba ziishe tu. Namsikia akilia ng'ambo ya ukuta, moyo unanituma niende, halafu nayakumbuka yale maji, hasira zinanipanda upya, na Mardhiya ananicheka, eti Baniani mbaya kiatu chake dawa, nikienda nimejidhalilisha, tena naogopa atanifungia mlango. Niende, nisiende? Akiondoka huyu simwoni tena duniani.

Mimi binti yako,
Mwanvita

JIBU LA BI ZULEHA

Marahaba Mwanvita. Pole kwa mama, Mungu amrehemu. Pole imekwisha, sasa nikukaripie.

Mwanangu, siku ile mama yako alipooshwa, wale wanawake waliomwosha hawakukoga baadaye? Walikoga. Je, uliwapigia kelele nao? Au maji yakiwa ya kwetu ni ibada, yakiwa ya mwenzio ni tusi?

Mimi nimekulia Pangani, nyumba yetu imepakana na Mabaniani. Mzee wao alifiwa na mtoto wake wa kumzaa, roho yake, na aliporudi kutoka huko alikokwenda kuichoma maiti yake, alikoga uani na nguo zake kabla hajavuka kizingiti, analia huku anajimwagia. Nilimwona. Kwao atokaye msibani hukoga, na penye msiba hapaliwi, chakula hutoka kwa majirani. Basi Kanku alikoga kwa ajili ya mama yako kama anavyokoga kwa ndugu zake, kisha akakupikia, nawe ukairudisha sahani! Unaniuliza mtu usiyekula naye utamwitaje rafiki. Mimi nakuuliza, na aliyemkanda mama yako miguu kila asubuhi utamwitaje? Ukuta wenyewe mfupi, ungeinua shingo tu ukamwuliza. Na huyo wifi yako mwambie methali yake aitie chumvi aile. Alikuvuta kanga siku ile, anakuvuta tena leo, nawe unafuata tu.

Nenda leo. Barua zinakawia na gazeti nalo linakawia, kwa hiyo ukisoma hapa hata kama una chungu jikoni kiepue. Usimpikie kitu. Mchukulie madafu, usiyatoboe. Usitazamie maji wala chai, na usinune usipopewa. Utamkuta mikono mitupu, bangili zimevunjwa, mjane kwao ndivyo anavyofanywa; jikaze usoni. Keti chini karibu naye umwambie, "Shoga, mama alikuwa akikupenda," maana hapo mjini hana mwingine wa kumwambia hilo. Akikufungia mlango, kaa barazani kwake ulie hapo hapo, atakusikia kama wewe unavyomsikia. Na ukikuta wamekwisha safiri, mwanangu, dawa ya hilo mimi sina, nawe utaishi nalo.

Ukitoka kwake usiingie ndani. Pita uani, simama pale pale penye ukuta, uteke maji ujimwagie kichwani na kanga zako mwilini mpaka zichuruzike. Hayatakutoa katika dini yako, ni maji. Usimwite, usimwambie neno. Kama yupo dirishani ataona.