CD ya Mwalimu Gwamaka

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoa vitu vya printa kwenye CD. Nimevirudisha. Nimevitoa tena. Mvua tangu alfajiri, dukani hapa Bulyaga hajaingia mtu, nimeshinda nabishana na CD. Mashine kumi na mbili za sekondari ya kule Mpuguso ni kuukuu, haziwaki kwa flashi. Mtandao shuleni hakuna. Kwa hiyo Linux nzima, mfumo wa kuziendesha, na zana zake lazima ienee kwenye CD moja, megabaiti mia saba. Zisipofanya kazi Ijumaa, mkuu wa shule anakifanya chumba cha kompyuta stoo ya mahindi. Nimechoka na sijafika popote.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu Gwamaka, ndiye atakayefundisha kompyuta, kapiga simu mara tatu. Anataka programu ya kusoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo. Megabaiti sitini jamani! Nimemuuliza ya nini, wanafunzi wana macho. "We iweke tu, dada." King'ang'anizi huyu mzee. Nikiiweka, zinatoka zana za kufufua mashine iliyokufa, na hizo ndizo ninazozitegemea. Nimeitoa sauti. Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Mpuguso. Tope hadi magotini. Mashine zote zimewaka.

Gwamaka ana mtindo wake. Hakai kwenye mashine. Anasimama nyuma, darasa zima linasoma kwa pamoja kila kilichoandikwa kwenye kioo, naye anaamuru wabonyeze nini. Nimeupenda. Mwalimu haswa. Kaniuliza sauti iko wapi. Nimedanganya kwamba imekataa. Akasema, "Haya."

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya.

Mkuu kaja kukagua. Wanafunzi wote walikuwa shamba la chai la shule. Kamwambia Gwamaka aandike jina la shule. Mzee kasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kabonyeza, mashine ikazima. Tukaiwasha. Ikazima tena. Mkuu kacheka, kasema labda kompyuta ni za vijana, Jumatatu ataamua nani afundishe.

Ndipo nikaelewa. Haoni. Kumbe muda wote wanafunzi walikuwa wakimsomea yeye. Naye kaomba kitu kimoja tu, mimi nikaona anasumbua. Nina aibu mpaka chakula kimenishinda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetoa zana za kufufua, nimeirudisha sauti. Mashine ikifa nitaifuata mwenyewe, na mvua hii. Potelea mbali. Umeme umekatika mara mbili nikiiandika, CD mbili zimeharibika. Ya tatu imekubali.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefika Mpuguso kabla ya kipindi cha kwanza. Nimemwambia Gwamaka ukweli, kwamba sauti haikukataa, niliitoa mimi. Kasema alijua.

Nikaiweka CD mpya kwenye mashine ya mbele. Kiswahili cha ile sauti kibovu, cha puani. Gwamaka kaandika jina la shule, ikamtajia herufi moja moja. Kakosea, kafuta, kaandika upya.

Mkuu kaingia, kauliza hiyo kelele ya nini. Nilishafungua mdomo nimkingie kifua. Mzee akaniwahi.

"Macho yangu yamekwisha, mkuu. Hii ndiyo inanisomea."

Mkuu kavuta kiti, kakaa karibu naye, kamwambia aendelee.

Nimewaacha humo ndani. Nimetoka kutafuta bodaboda.