Kipande cha Tatu cha Springi

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha hapa Matisi, Kitale, tangu adhuhuri, na sasa yamebaki matone ya paa tu.

Jana ofisi ilinituma Bungoma. Lori letu moja lilikuwa linagonga juu ya injini, na fundi Wanyonyi alipolifungua alikuta springi moja ya valvu imevunjika. Akashauri zote kumi na mbili zibadilishwe. Kazi yangu, mimi karani, ilikuwa kusimama pale, kuhesabu kila kilichotolewa, kukirudisha Kitale ndani ya gunia na kutia saini. Ofisi yetu haimwamini fundi yeyote mpaka vyuma vikuukuu vifike stoo.

Nilitazama kila kitu. Wanyonyi hakung'oa kichwa cha injini. Aliingiza kamba ndani ya silinda kupitia tundu la nozeli, akaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaisukuma kamba juu, ili valvu isidondoke ndani springi inapotolewa. Alinitania kutwa.

"Madam anahesabu vyuma kama mayai."

"Mwache bana," akasema dereva wetu, Baba Rehema. "Si ndiyo masomo hayo."

Nilicheka nao. Nilitaka wanipende.

Ile springi mbovu ilitoka vipande viwili. Nikaviweka pamoja, nikahesabu moja. Jumla kumi na mbili. Nikaandika "kamili".

Leo saa nane nilizitandaza juu ya gazeti ili nizifunge vitambulisho vya stoo. Springi nzima husimama wima, kwa sababu ncha zake zote mbili zimesagwa bapa. Kipande kimoja cha ile mbovu kilisimama. Cha pili kilianguka. Nikakigeuza, kikaanguka tena. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimekatika; ile ncha bapa ya pili haikuwepo.

Kwa hiyo kulikuwa na kipande cha tatu.

Nilikung'uta gunia. Nilipekua mkoba, hata viatu nilivyovaa jana. Kama hakikuwa kwangu, basi kilikuwa ndani ya injini, na Wanyonyi mwenyewe alikuwa ameniambia chuma kikitembea humo kinaweza kukwamisha injini lori likiwa mwendoni. Lori lilikuwa bado Bungoma, linapakia mbolea. Baba Rehema alisema angeondoka Jumatatu alfajiri.

Hapa ndipo pagumu kuandika. Sikupiga simu.

Nilijiambia nina muda mpaka alfajiri. Nilijiambia huenda nimekosea, mimi najua nini kuhusu springi? Niliiwaza saini yangu. Bado niko kwenye majaribio kazini, na bosi hataki maelezo, anataka karatasi iliyo sahihi. Nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nikapanga nguo. Nikakaa kitandani na kile kipande mkononi.

Saa tisa na robo nikampigia Baba Rehema. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Dereva asiyepokea simu ni dereva aliyeshika usukani, na nilipolielewa hilo nikapiga mara ya nne.

Alinipigia saa tisa na nusu.

"Madam, kuna moto? Nimesimama Webuye nile kidogo."

"Usiwashe gari, Baba Rehema. Tafadhali. Kuna kipande cha springi kimebaki ndani."

Nilisikia sahani zikigongana nyuma yake.

"Ati kipande? Si uliweka saini?"

"Niliweka. Nilikosea."

"Sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ufunguo uko mfukoni, siugusi."

Nilipompigia Wanyonyi, yeye aliniwakia. Amefungua injini tangu sijazaliwa, na mimi na kalamu yangu ndio tumfundishe? Nikamwacha amalize. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hicho kipande ncha zote zimekatika?"

"Zote mbili, mzee."

"Ngoja niende huko Webuye na spana."

Alipanda pikipiki kwenye mvua ile ile. Nikampigia bosi nikiwa nimesimama, sijui kwa nini. Alisikiliza, akasema nifike kesho saa moja na lile gunia.

Saa kumi na mbili Baba Rehema akapiga. Kimeonekana. Kilikuwa kimelala chini ya kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, ukingoni kabisa mwa tundu linaloshuka mpaka tumboni mwa injini. Kipana kama ukucha, alisema. Alicheka, akanishukuru, akaniita binti yangu, akasema nimemrudisha kwa watoto wake.

Nikamuuliza kwa nini hakungoja alfajiri.

"Niliona mawingu," akasema. "Nikatoka Bungoma saa tisa kasorobo."

Tangu akate simu nimekuwa nikihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Kuanzia saa nane mpaka saa tisa kasorobo lori lilikuwa bado limesimama Bungoma, naye pengine yuko pembeni mwake akingoja simu yoyote ile. Safari yote ya kwenda Webuye, kile chuma kikitikisika chini ya kifuniko, niliiruhusu mimi nikiwa najua.

Bosi ataniuliza kuhusu saini, na hiyo nitaijibu. Kuhusu hizo dakika arobaini na tano hakuna atakayeniuliza. Baba Rehema atapita ofisini kesho kusaini karatasi za mbolea, akitabasamu.

Je, nitamwambia akiwa bado amesimama mlangoni, au nitamwacha aendelee kunishukuru?