Baba Aliyeandikwa Kwenye Fomu

Mama, shikamoo. Naandika nikiwa nimejifunga kanga yako juu ya sweta, maana baridi ya Pretoria haina adabu. Goti lako vipi? Nikisikia bado unapanda mlima wa Lutindi kwa miguu kwenda kumwona bibi, nitakasirika kweli. Mimi mzima, nakula, hata nimenenepa.

Kazi ni ileile ya vinasaba: tunapima damu na mate kujua nani ni ndugu wa nani. Mwezi huu nusura tukosee vibaya. Kijana mmoja wa Handeni alifia huku kwenye ajali ya moto, hatambuliki kwa sura. Jina silitaji, kazi hairuhusu, nawe usianze kuulizia huko kwetu Manundu. Baba yake alichukuliwa mate huko nyumbani, yakaletwa kwetu. Majibu yakatoka: huyu si baba wa marehemu. Wenzangu wakataka kufunga faili, kijana azikwe na manispaa bila jina.

Roho yangu haikutulia. Nikaomba ruhusa, nikampigia yule mzee.

"Shikamoo mzee. Samahani, marehemu ulimzaa mwenyewe?"

Akawaka. "Mwanangu, swali gani hilo? Nimemlea tangu hajaota meno. Kaka yangu alikufa, nikabaki mimi baba."

Mama, nilicheka huku machozi yananitoka. Fomu iliuliza baba, naye akajiandika. Kwetu nani angeandika vingine? Tukapima upya, safari hii kama ndugu wa baba, tukaongeza mate ya dada wa marehemu, na kila kitu kikakaa mahali pake. Mkuu wangu akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia nimekulia Korogwe.

Jana nikampigia tena mzee. Nikamweleza taratibu kwamba kijana ni mtoto wa kaka yake kweli, na mwili utarudishwa Handeni wamzike wenyewe.

"Kwa hiyo kipimo chenu kimekubali ni mwanangu?"

"Kimekubali, mzee."

"Haya. Mimi nilishakubali zamani."

Nisalimie kaka huko kwenye mitambo ya umeme ya Hale, na shangazi mwambie binzari yake imefika salama, ila sanduku zima linanuka. Baba mdogo, aliyetulea tangu baba afariki, mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na za wengine. Mwambie nimesema: shikamoo, baba.

Mwanao,
Zaina