Mbuzi wa Tatu

Kabiru, wacha kazi kidogo usome hii. Maundu ameoa! Leo Krismasi, bila kujua!

Si unajua amekaa na Mbula miaka tisa, hadi Mwende wao yuko shule, na akitajiwa ntheo anaanza kukohoa. Ni mbuzi watatu tu wa kumfanya mume mbele ya wazee wa Kikamba, lakini yeye, "Haraka ya nini?"

Hata leo hakutaka kwenda Ekalakala kwa wakwe. Alisema ataulizwa maswali mpaka chapati imkwame kooni. Mwishowe akaenda na mbuzi mmoja, kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Zawadi ya Krismasi, basi.

Mbuzi akapokewa, Maundu akaletewa kuku. Akaanza utani: "Mama, kwani mbuzi zangu huwa zinaenda wapi? Kila mwaka nakula kuku!"

Mama mkwe akanyoosha kidole zizini. "Ziko pale. Moja, mbili, na hii ya leo. Tatu. Karibu nyumbani, mume wa Mbula."

Tatu, Kabiru! TATU! Wazee makofi, wamama vigelegele, Maundu ameshika paja la kuku hewani.

Akamgeukia Mbula. "Wewe ulijua?"

"Ni nani alikuwa anakuambia, 'Baba Mwende, peleka mmoja tu, anatosha'?"

Maundu akasukuma sahani.

"Basi chinjeni mmoja. Mimi siwezi kuoa nikila kuku."